Namna ya Kueleza Kitu Chembamba, Chepesi au Laini kwa Kiswahili: Mwongozo Kamili

Maandishi mengi ninayoletewa nisome yanakwama mahali pamoja. Mwandishi anaeleza vizuri ugomvi wa sokoni, safari ya basi, mvua ya masika. Akifika kwenye mtandio, bawa la kipepeo au ngozi ya mtoto mchanga, maneno yanamwishia. Kila kitu kinakuwa "laini sana". Aya moja inabeba "laini" nne na "sana" tano, na msomaji bado hajui kama kitu hicho kingechanika, kingepeperuka au kingeyeyuka.

Maneno yapo, tena mengi. Shida ni kwamba hayakai nafasi ya mwenzake, na shuleni tulifundishwa kuyapatanisha bila kufundishwa kuyachagua. Mwongozo huu ni wa anayeandika hadithi, insha, mapishi, hata tangazo la nguo. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukianza na tashibihi, kama wengi wanavyofanya, utaishia pale pale ulipokuwa.

## Vinavyohitajika

- Kitu chenyewe, au ndugu yake wa karibu. Unaeleza shifoni? Nenda dukani ukaishike. Unaeleza manda za sambusa? Shika moja kabla haijakunjwa.
- Mwanga wa dirishani. Taa ya ndani hudanganya jicho juu ya unene na uangavu.
- Kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inatosha. Tafuta mzizi: "mwembamba" hutalikuta kwenye M, liko kwenye E kama *-embamba*. Vivyo hivyo *-epesi* liko kwenye E, na *-ororo* kwenye O.
- Daftari na kalamu.
- Mtu mmoja wa kumsomea, ambaye hajakiona kitu unachokieleza. Huyu utamhitaji mwishoni, na hana mbadala.

## Hatua ya 1: Jua ni sifa ipi unayoisema

Wembamba, wepesi na ulaini ni mambo matatu tofauti. Bati ni jembamba lakini si laini. Godoro la sponji ni jepesi lakini si jembamba. Unga wa ngano ni laini, lakini gunia lake litakuvunja mgongo.

Kabla ya kuandika chochote, jibu maswali haya kwa kukigusa kitu:

1. Unene wake ukoje, ukikishika kati ya vidole viwili?
2. Uzito wake ukoje, ukikiweka kiganjani?
3. Ukikipapasa, kinateleza, kinakwaruza au kinanata?
4. Ukikibonyeza, kinabonyea au kinakataa? Kikibonyea, kinarudi?
5. Ukikiinua kwenye mwanga, unaona upande wa pili?
6. Kitu gani kitakiharibu kwanza: maji, moto, kuvutwa au kuangushwa?

Swali la 6 lipe muda kuliko mengine yote. Utaona sababu kwenye Hatua ya 5.

*Onyo:* usijibu kwa kumbukumbu. Kumbukumbu hukurudishia maneno uliyokwisha kuyasikia, na ndiyo hayo yaliyokuleta hapa.

Umefaulu ikiwa daftari lako lina majibu mafupi ya namna hii: "kinateleza", "kivuli cha vidole kinaonekana", "maji yatakimaliza". Kama umeandika "kizuri", rudi ukishike tena.

## Hatua ya 2: Chagua kivumishi kinachokaa na kitu hicho

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo nitakaa.

-embamba hutaja unene mdogo, lakini pia hutaja upana mdogo. Njia nyembamba ni njia isiyo pana. Kwa hiyo "kitambaa chembamba" kina maana mbili: mnunuzi mmoja ataelewa kwamba hakina unene, mwingine atauliza kama kitamtosha kuzunguka kiuno. Kwenye nguo, wauzaji na mafundi cherehani husema kitambaa *chepesi* au *kizito*, na wanajua wanachokisema. Tumia *-embamba* kwa vitu ambavyo upana wake hauleti shaka: karatasi, kioo, ubao, kipande cha mkate, manda.

-epesi ni neno la uzito, na kwa vitu vinavyomiminika ndilo linaloonyesha kwamba kitu si kizito: uji mwepesi, mchuzi mwepesi, chai nyepesi. Hakuna mpishi anayesema "uji mwembamba". Neno hilohilo husimama pamoja na kitenzi kuonyesha kwamba jambo halikawii kutokea: kioo ni chepesi kuvunjika, mtu ni mwepesi wa kusahau.

laini lina kazi tatu, ndiyo maana limechoka. Hutumika kwa kisichokwaruza (meza iliyopigwa msasa), kwa kinachobonyea au kutafunika kirahisi (nyama, chapati), na kwa kilichosagwa kikasagika (unga usio na chenga). Ukiandika "laini" hakikisha msomaji anajua ni ipi kati ya hizo. Mara nyingi jina linaloelezwa hutosha kumjulisha. Lisipotosha, tafuta neno jingine.

-ororo ni la ulaini unaopendeza, na lina huba ndani yake. Ngozi nyororo, sauti nyororo, tandiko jororo. Ukisema "nyama nyororo" bado utaeleweka, lakini utakuwa umelishusha neno lililozoea kukaa pazuri. Nalipenda neno hili, na kwa sababu hiyohiyo naomba lisitumiwe zaidi ya mara moja katika ukurasa.

-changa ni ulaini wa umri. Jani changa la mchicha, mahindi machanga, mtoto mchanga. Linabeba wazo kwamba kitu bado hakijakomaa na kesho hakitakuwa hivi, wazo ambalo "laini" haliwezi kulibeba.

teketeke ni ulaini wa kuiva au kulowa kabisa. Muhogo ulioiva teketeke hauhitaji kisu.

hafifu ni neno la kuangaliwa kwa makini. Kwa nuru na sauti ni zuri: mwanga hafifu, sauti hafifu. Kwa bidhaa ni tusi. Muuzaji anayeandika "kitambaa hafifu" akidhani anasifia wepesi amewaambia wateja kwamba kitambaa chake ni cha hali ya chini.

dhaifu ni kukosa nguvu. Linafaa kwa mgonjwa, kwa hoja, kwa ukuta unaotikisika. Ua lililochanua vizuri si dhaifu hata kama litakatika ukiligusa.

tete na nyeti yamezoea kukaa kwenye habari: hali tete ya usalama, suala nyeti. "Ngozi nyeti" inakubalika kwa ngozi inayowashwa haraka na sabuni. Ila *sehemu nyeti* za mwili ni sehemu za siri, kwa hiyo pima unapoweka neno hili karibu na mwili wa mtu.

Na *mwanana*? Liache na upepo. Upepo mwanana umekaa pamoja muda mrefu kiasi kwamba kulihamishia kwenye kitambaa kutamshtua msomaji.

Ukimaliza hatua hii uwe na kivumishi kimoja, viwili kwa wingi. Vitatu ni ishara kwamba hujaamua.

## Hatua ya 3: Kipatanishe na ngeli yake

Mizizi mitatu tunayoitegemea zaidi, *-embamba*, *-epesi* na *-ororo*, huanza na irabu, na irabu hubadili kiambishi. Kosa moja hapa humfanya msomaji aache kuona bawa na aanze kuona kosa.

- Mtu mwembamba, mwepesi; watu wembamba, wepesi.
- Mkate mwembamba, mwororo. Mikate myembamba, miororo.
- Jani jembamba, jepesi, jororo; majani membamba, mepesi, maororo.
- Kitambaa chembamba, chepesi, chororo. Vitambaa vyembamba, vyepesi, vyororo.
- Nguo nyembamba, nyepesi, nyororo, iwe moja au nyingi.
- Uzi mwembamba, nyuzi nyembamba.
- Mahali pembamba.

Makosa ninayokutana nayo zaidi ni "kitambaa kiembamba", "majani maepesi" na "vitambaa vembamba". Mawili ya kwanza yanatoka kwa mtu aliyebandika kiambishi bila kuacha irabu ikutane na mwenzake; la tatu limeangusha *y*.

*Laini, hafifu, dhaifu, tete* na *nyeti* hayachukui kiambishi. Ni mkate laini, mikate laini. "Mlaini" na "milaini" husikika mitaani, lakini kwenye maandishi sanifu hayana nafasi.

*-changa* huanza na konsonanti, kwa hiyo ni rahisi: majani machanga, vitoto vichanga. Jihadhari tu na sentensi ambayo "mchanga" unaweza kusomeka kama ule wa ufukweni.

## Hatua ya 4: Acha jina libebe mzigo

Kiswahili kina majina ambayo wembamba au wepesi umo ndani yake. Ukiyajua, kivumishi kinakuwa ziada.

Chukua utando. Ni kitu chochote kinachotanda juu ya kingine kikawa tabaka jembamba: utando wa buibui, utando unaojifanya juu ya maziwa yaliyochemka yakapoa, utando wa jicho. Kusema "utando mwembamba" ni kurudia. Sema utando umefanya nini.

Shashi ni kitambaa chembamba chepesi, na karatasi ya shashi ni ile inayofungiwa vitu visikwaruzwe. Melimeli ni kitambaa cha pamba chepesi kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba. Haya mawili yanasikika mara chache siku hizi, na ukiyatumia mahali pake yataleta harufu ya sanduku la bibi bila wewe kutaja bibi. Lakini usiyaweke kwenye tangazo la nguo za vijana. Huko andika *shifoni* au *kotoni*, kwa kuwa ndivyo wanunuzi wanavyotafuta.

Usufi ni zile nyuzi nyeupe za tunda la msufi zinazojazwa kwenye mito na magodoro. Kila aliyewahi kupasua mto wa usufi chumbani anajua jinsi unavyokataa kukamatwa. Makapi ni yale yanayoruka unapopepeta kwa ungo. Chane ni vipande vyembamba vya kindu au vya miyaa, vilivyochanwa tayari kusukwa mkeka. Utepe, utambi, ufito, unyoya, ukope: kila moja lina umbo lake.

Tazama jinsi majina hayo ya mwisho yanavyoanza na U. Ngeli hii imebeba vitu vingi virefu na vyembamba, na mara nyingi U hutoa kimoja kutoka kwenye kundi: nywele, unywele, nyasi, unyasi, kope, ukope, nyuzi, uzi. (Si vyote: ukuta uko humo humo.) Ukiandika "unywele mmoja mweupe kwenye kola ya shati", umesema wembamba, umesema upweke wa kitu hicho, na hujatumia *-embamba* hata mara moja.

*Onyo:* kiambishi cha udogo *ki-* hakifanyi kazi hii. Kijiti na kijito ni vidogo, si lazima viwe vyembamba. Pia udogo wa *ki-* unaweza kuonekana kama dharau, hasa kwa watu. Na "kijani" msomaji ataelewa rangi kabla ya kuelewa jani dogo.

## Hatua ya 5: Tafuta kitenzi

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Kitu chororo hujulikana kwa kinachokisogeza na kinachokiharibu. Ukionyesha hayo mawili, umemaliza kazi kubwa.

Kwanza, namna kinavyosogea. Kinachochukuliwa na upepo kikaenda *kinapeperuka*. Kinachopigwa na upepo kikiwa kimeshikwa upande mmoja, kama bendera au kanga kwenye kamba, *kinapepea*. Kinachokaa juu ya maji au hewani bila kuzama *kinaelea*. Kinachodondoka kimoja kimoja kwa wingi, kama majani ya kiangazi, *kinapukutika*. Kinachoenda huku na huku kwa kukosa uthabiti *kinayumba*, na mtu anayekaribia kuanguka *anapepesuka*. Tandiko au kamba inayoshuka katikati kwa uzito *inanepa*.

Usichanganye *pepea* na *peperuka*. Nimesoma kanga iliyokuwa "ikipeperuka" kwenye kamba kutwa nzima. Kanga hiyo ingeshafika kijiji cha jirani.

Pili, namna kinavyoharibika. Kila kitu kina njia yake:

- Karatasi, jani, kitambaa: *huchanika*.
- Uzi, kamba, bua la ua: *hukatika*.
- Kioo, kijiti, kikombe cha kauri: *huvunjika*.
- Puto, povu, ngozi ya mdomo wakati wa baridi: *hupasuka*.
- Mkate, keki, udongo mkavu: *humeguka*.
- Mshono: *hufumuka*.
- Ua lililokosa maji: *hunyauka*, kisha *husinyaa*.
- Mfuko wa plastiki, soli ya kandambili: *hutoboka*.

Mwandishi anayesema karatasi "ilivunjika" au uzi "ulichanika" amepoteza imani ya msomaji kwa neno moja. Anayesema bua "lilikatika nilipolielekeza kwenye chupa" amenionyesha ua zima.

Kwa kusema kwamba kitu huharibika haraka, tumia maumbo haya ya kawaida: *hakikawii kuchanika, ukikigusa tu kinameguka, hakihimili kishindo, ni chepesi kuvunjika*. Nakutana na maandishi yanayolazimisha kivumishi kimoja kipya kwa maana hii. Hakihitajiki. Wasemaji huieleza kwa kitenzi, na kitenzi kinaonekana zaidi.

*Utajua umefaulu* ukifuta vivumishi vyote kwenye sentensi yako na bado kitu kikaonekana chepesi.

## Hatua ya 6: Sasa, ukipenda, weka tashibihi

Laini kama hariri. Mwepesi kama unyoya. Mwembamba kama sindano. Hizi zimetumika mpaka msomaji anazipita bila kuzisoma. Haziharibu kitu, lakini haziongezi.

Tashibihi yako ipite mitihani mitatu. Je, msomaji wako amewahi kukishika unachokifananishia? Hariri halisi ni wachache waliyoishika. Ganda la ndani la kitunguu limeshikwa na kila mtu. Je, kinafanana kwa sifa ile uliyoichagua kwenye Hatua ya 1? Ganda la kitunguu linafaa kwa wembamba na uangavu, halifai kwa ulaini, kwa kuwa likikauka linakwaruza. Je, kinakaa kwenye ulimwengu wa hadithi? Mvuvi wa Kilwa hafikirii theluji.

Tashibihi moja kwa kitu kimoja. Ukiweka mbili zinagombana.

Kwa mapishi na maelezo ya kazi, badala ya tashibihi weka kipimo au jaribio. "Sukuma manda ziwe nyembamba" haimsaidii anayejifunza. "Sukuma mpaka ukiinua manda dirishani uone kivuli cha vidole vyako" inamsaidia. Ukihitaji namba, kumbuka kwamba rimu ya karatasi 500 za kawaida za kuchapishia ina unene wa karibu sentimita 5, yaani karatasi moja ni kama milimita 0.1. Unywele wa mtu uko hapo hapo au chini yake kidogo.

Jikoni pia takriri ina kazi yake halisi. "Kata vitunguu vyembamba vyembamba" husema kila kipande kiwe hivyo, na vyote vifanane. Katika hadithi itumie kwa uchache.

## Hatua ya 7: Vitu visivyoshikika, na watu

Sauti *nyembamba* ni ya juu, kama ya mtoto. Sauti *nyororo* ni ya kupendeza. Sauti *hafifu* haisikiki vizuri. Ni sauti tatu tofauti. Usingizi ni *mwepesi*, na ule wa kusikia kila kinachosemwa chumbani ni wa *mang'amung'amu*. Mvua nyepesi ni *manyunyu* au *rasharasha*. Ukungu ni *mwepesi* au *mzito*.

Kwa watu, kuwa na adabu ya neno. *Mwembamba* ni umbo tu. *Amekonda* ni badiliko: alikuwa na mwili, sasa hana, na anayesikia atauliza kuna nini. "Mbona umekonda?" ya shangazi ni swali la wasiwasi. *Amekondeana* ni zaidi ya hapo. *Kimbaombao* ni mwembamba wa kuchekwa, na *gofu la mtu* ni wa kuhurumiwa. Kama mhusika wako ni mzima na ana furaha, *mwembamba* linatosha.

## Hatua ya 8: Soma kwa sauti, kisha pima kwa mtu

Futa kila "sana". Sentensi ikibaki imesimama, iache hivyo. Ikianguka, kivumishi chako kilikuwa kibovu tangu mwanzo.

Kisha msomee yule mtu wako bila kutaja jina la kitu. Muulize: hiki kitu ni nini, na ungekibebaje? Swali la pili ndilo lenye uzito. Akisema angekibeba kwa mikono miwili, au angezima feni kwanza, umefika. Akisema "ni kitu kizuri", rudi Hatua ya 5.

## Mfano wa kwanza: tangazo la mtandio

Kabla:

> Mtandio mzuri sana, laini sana na hafifu, kitambaa kizuri, rangi zote zipo.

Baada:

> Mtandio wa shifoni, mita 2 kwa sentimita 70. Ni mwepesi, ukiukunja unaenea kiganjani. Unaonyesha kidogo, kwa hiyo vaa kofia ya ndani. Unateleza kwenye nywele. Tumia pini isiyo na ncha butu, isije ikavuta uzi. Ni poliesta: pasi iwe ya moto mdogo, la sivyo itauyeyusha.

Angalia neno *unaonyesha*. Ndilo neno la sokoni kwa nguo inayopitisha macho, na mteja anayelisoma anajua mara moja kama anahitaji bitana au kofia. Wauzaji wengi hulificha wakiogopa kupoteza mteja. Mteja aliyeletewa nguo inayoonyesha bila kuambiwa harudi.

## Mfano wa pili: kumbikumbi baada ya mvua

Kabla:

> Mabawa ya kumbikumbi yalikuwa mengi sana. Yalikuwa membamba sana, mepesi kama unyoya na laini kama hariri. Mama aliyafagia.

Baada:

> Asubuhi mabawa ya kumbikumbi yalikuwa yamepukutika chini ya taa ya barazani. Mama alipopitisha ufagio yalipeperuka kabla chelewa hazijayagusa, yakaenda kutua nyuma yake. Yaliyolowa yalinata kwenye saruji, na ufa wa sakafu ukaonekana chini yake kana kwamba hakuna kilichoufunika.

Hakuna *laini*, hakuna *sana*, hakuna tashibihi ya hariri. Wepesi umebebwa na *pukutika* na *peperuka*. Wembamba umebebwa na ufa unaoonekana chini ya bawa, yaani jibu la swali la 5 kwenye Hatua ya 1. Na Mama, ambaye katika toleo la kwanza alimaliza kazi kwa maneno mawili, sasa ana kazi ya kweli mbele yake.

## Ukikwama

Kila sentensi inaanza na "kilikuwa". Umebaki kwenye vivumishi. Mpe mtu mwingine akiguse kitu ndani ya sentensi, uone kinamfanyia nini.

Maneno yamekuwa ya kishairi kupita kiasi. Angalia kama *nyororo*, *mwanana* na *hafifu* yamekutana kwenye aya moja. Bakisha moja.

Hujui kitu kinaharibika kwa kitenzi gani. Muulize anayekifanyia kazi. Fundi cherehani atakuambia kama kitambaa *kinafumuka* au *kinachanika*. Anayesuka mikeka atakuambia chane zinakatika zikiwa kavu mno, ndiyo maana anazilowesha kwanza. Andika neno kama alivyolitamka, kisha ndipo ufungue kamusi.

Msomaji wako ametambua kitu kingine kabisa. Mara nyingi umeeleza sifa zote kwa uzito sawa. Chagua ile moja inayokitenga na vinavyofanana nacho, anza nayo, na zile zingine uzipunguze mpaka akitambue kile ulichokikusudia.